Mikono Iliyoshika Nafasi ya Kwanza

Watoto wa shule walimwita Filimbi, na jina likamganda mpaka walimu wenzake, muuza duka wa jirani na hata mama mkwe wake wakalichukua. Alikuwa mwalimu wa mazoezi, mrefu, mkavu kama ufito, mwenye sauti iliyoweza kumsimamisha mtoto mtoro aliye upande wa pili wa uwanja. Filimbi yenyewe haikumtoka shingoni. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata siku ya harusi yao aliivaa chini ya tai. Hakuwahi kuwa mwalimu mkuu, wala hakuutamani ukubwa. Raha yake ilikuwa kumpokea mtoto mzito wa miguu mwanzoni mwa mwaka, anayejificha chooni kipindi cha michezo kikifika, na kabla mwaka haujakwisha kumwona anaruka kamba huku anacheka.

Mkewe alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa ya mji. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minane, ambaye nyumbani wote walimwita Cheche kwa sababu tangu alipoanza kutembea hakuna kiti kilichoweza kumshika. Akila, mguu mmoja unacheza. Akiandika, ulimi nje. Akilala, asubuhi kichwa kiko miguuni na miguu iko kwenye mto.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kifua uliowafungia watu ndani dunia nzima. Shule zikafungwa. Sokoni watu wakawa wanasimama mbalimbali kama waliogombana. Na hospitalini wakachaguliwa wauguzi wa kuhudumia wodi ya waliougua, na hao waliochaguliwa hawakuruhusiwa kurudi majumbani. Walipewa bweni nyuma ya hospitali, walale huko mpaka hali itulie. Mama Cheche alikuwa mmoja wao. Alifunga begi lake asubuhi, akambusu binti yake utosini, akamwambia, "Nitarudi." Hakusema lini, maana hata yeye hakujua.

Filimbi akamwita dada yake mkubwa aje kuwasaidia. Shangazi alikuja na masanduku mawili na maneno mengi. Alikuwa mjane mchangamfu, hodari wa kupika na kusimulia, ila macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akawa anazitambua sufuria kwa kuzigusa na watu kwa sauti zao. Cheche alimpenda. Nyumba ikapata mtu wa kuongea.

Haukupita muda mrefu, daktari mmoja wa chuo kikuu akafika kwa mwalimu mkuu kutafuta mtu anayewajua watoto wa mtaa na nyumba zao. Mwalimu mkuu hakuhitaji kufikiri. Akamtaja Filimbi.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani mikubwa iliyokuwa ikipata ukungu juu ya barakoa, mwenye kusema haraka haraka kana kwamba kuna mtu anamfukuza.

"Mwalimu, watoto wamefungiwa ndani," alimweleza. "Hatujui wanatembea kiasi gani, wanalala vipi, wananawa au hawanawi. Wazazi tukiwauliza, wanatujibu tunachopenda kusikia. Sasa tumeleta hiki."

Akatoa kikuku cha mpira laini wa buluu, chenye kioo kidogo na taa. Kilihesabu hatua za mtoto. Kilipima usingizi wake. Na, jambo lililomwacha Filimbi kinywa wazi, kilitambua mikono inaposuguana kwenye maji kwa sabuni. Mtoto akinawa ipasavyo, kikuku kilitetemeka kidogo mkononi mwake, taa ikawaka kijani. Asiponawa, taa ilibaki nyekundu. Habari zote zilikwenda zenyewe mpaka kwenye tableti ya mradi wao, ambayo angekaa nayo Filimbi.

"Kikuku hakimwonei mtu haya," daktari alisema.

Filimbi alikipenda kikuku kile kama mtoto aliyepewa mpira mpya. Alizunguka nyumba kwa nyumba akivifunga mikononi mwa watoto, akiwaonyesha taa, akiwachekesha, akiwaambia kwamba sasa hata wakimkimbia atawaona. Wazazi wengine walisitasita, yeye akawatuliza. Na jioni ya kwanza, kwa sababu hakutaka kuwapa watoto wa watu kitu asichompa wa kwake, akamfunga Cheche kikuku cha mwisho kilichobaki kwenye sanduku.

"Kinafanya nini, Baba?"

"Kinamwambia daktari kama unanawa vizuri."

"Daktari wa hospitali ya mama?"

"Daktari tu," alijibu Filimbi, jicho lake tayari liko kwenye tableti, akijaribu kuelewa rangi zile.

Siku zikaenda. Mchana alikuwa mitaani, akisimama nje ya milango, akiwachezesha watoto barazani na kwenye korido za maghorofa. Jioni alirudi amechoka, akala, akakaa mezani na tableti mbele yake. Majina ya watoto yalijipanga yenyewe kwa rangi: wekundu chini, wa njano katikati, wa kijani juu. Alifurahi kuona mvivu fulani amepanda, akasikitika kuona mwingine ameshuka. Na kila jioni alishuhudia jambo lililomvimbisha kichwa: jina la binti yake lilikuwa likipanda. Likatoka katikati, likaingia kwenye kijani, likawapita majirani, likawapita watoto wa shule nyingine, likaendelea kupanda.

"Dada, unasikia?" alimwambia Shangazi. "Cheche ananawa kuliko watoto wote wa mtaa huu."

"Si ndiyo nilivyokwambia? Huyu mtoto akishika jambo kalishika," Shangazi alijibu kutoka jikoni. "Na adabu imeongezeka. Siku hizi hata chakula anakula kwa kijiko, hataki kuchafua mikono."

Wakacheka. Kwenye safu ya usingizi jina la Cheche lilikuwa la njano, na njano yenyewe ilikuwa inakolea. Filimbi aliiona. Alisema moyoni kwamba mtoto huyu hata zamani alikuwa akilala kama anayepigana na mto, akaipita ile rangi, akarudi kutazama ile nzuri. Cheche mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha pili, ndani ya sweta lenye mikono mirefu iliyofunika mpaka ncha za vidole. Ulikuwa msimu wa baridi. Sweta halikumshangaza mtu.

Asubuhi moja simu ikalia. Daktari wa mradi alikuwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Mwalimu, umekaa? Kaa kwanza. Katika watoto wote wa mradi, mji mzima, anayeongoza kwa kunawa mikono ni binti yako!"

Filimbi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wangu? Cheche?"

"Huyo huyo. Na hamkaribii mtu. Tunataka picha yake tuiweke kwenye mabango, watoto wengine wamwige. Nakuja leo na mpigapicha."

Alikata simu akabaki amesimama katikati ya sebule, anatabasamu peke yake. Alimpigia mwalimu mkuu. Akampigia mama mkwe. Alijaribu kumpigia mkewe, akakumbuka kwamba saa hizo yuko ndani ya mavazi yale ya plastiki, simu iko kabatini. Kisha akamwita binti yake kutoka chumbani.

"Mwanangu, umeshika nafasi ya kwanza! Mji mzima!"

Cheche hakuruka. Alisimama mlangoni akamtazama baba yake kwa macho makubwa, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa.

"Ya kwanza kabisa?"

"Kabisa!"

Mtoto akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima anayetua mzigo. "Haya," alisema, akaenda kuchana nywele zake.

Daktari na mpigapicha walifika kabla ya adhuhuri. Waliona picha itapendeza zaidi uani, penye bomba, jua likimulika. Shangazi alitoa kiti chake nje akakaa kushuhudia. Mpigapicha, kijana mcheshi mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alimpanga Cheche mbele ya bomba, akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Vizuri sana, dada. Sasa nyanyua mikono tuione. Kunja mikono ya sweta hilo."

Cheche akaipeleka mikono mgongoni.

"Usione haya, mrembo. Mikono ndiyo bingwa wetu leo."

Mtoto akatikisa kichwa. Daktari alimbembeleza. Shangazi naye alimbembeleza. Mwishowe Filimbi, kwa utani, akatumia sauti yake ya uwanjani, ile ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuipinga:

"Mikono juu!"

Mikono ikapanda yenyewe. Sweta likateleza mpaka kwenye viwiko.

Mpigapicha aliteremsha kamera taratibu mpaka ikaning'inia tumboni kwake. Ngozi ya vidole vya Cheche ilikuwa imepauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka, na ndani ya nyufa palionekana wekundu mbichi. Kwenye viungo vya vidole damu ilikuwa imeganda. Viganja vilikuwa vimemenyuka. Chini ya kile kikuku cha buluu, ngozi ilikuwa imefanya malengelenge yaliyozunguka kifundo kizima, na taa juu yake ilikuwa inawaka, kijani safi.

Kitu cha kwanza kilichomjia Filimbi akilini kilikuwa cha kipumbavu: kwamba hii si mikono ya mwanawe, kwamba kuna mtoto mwingine kasimama pale. Alikula naye jana meza moja. Alikula naye juzi.

"Baba," Cheche alisema, mikono bado iko juu kwa sababu hakuna aliyemwambia aishushe. "Umesema mimi ni wa kwanza. Sasa mama anakuja saa ngapi?"

"Nini?"

"Mama. Nimekuwa wa kwanza. Si ndiyo anarudi?"

Kiti cha Shangazi kikaanguka. Bibi yule hakuwa ameona mikono vizuri, lakini maneno aliyasikia, na maneno yalimpata mahali pake. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi! Yarabi, ni mimi! Mdogo wangu, ni mimi nilimwambia!"

"Ulimwambia nini, dada?"

"Alikuwa analia usiku, anamtaka mama yake. Nikambembeleza. Nikamwambia, mwanangu, watoto wakinawa vizuri ugonjwa utaisha, na mama atarudi. Basi! Ni hayo tu! Maneno ya kumlaza mtoto!"

"Na mimi nilinawa," Cheche alisema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwa nini watu hawaelewi. "Taa ikawa kijani lakini mama hakuja. Nikajua bado haijatosha. Nikaongeza."

Daktari alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mtoto. Aliishusha ile mikono polepole, akaitazama bila kuigusa, kisha akainua pua kama aliyesikia harufu. Akamgeukia Filimbi.

"Mwalimu, hii si sabuni peke yake."

Filimbi akainama, naye akaisikia. Harufu kali ya usafi, harufu ambayo ilikuwa imejaa nyumba nzima kwa muda ambao sasa hakuweza kuukumbuka ulianza lini, na ambayo alidhani ni Shangazi anafua. Akaingia ndani mbio. Nyuma ya pipa la maji bafuni alikuta beseni dogo, na ndani ya beseni chupa ya ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, imebaki kidogo chini. Alitoka nayo uani ameishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Cheche, hii ulikuwa unatia mikononi?"

"Kidogo tu, kwenye maji. Mama alisema hospitali wanasafishia sakafu, inaua ugonjwa." Kisha akaona uso wa baba yake, na kwa mara ya kwanza siku ile midomo ikaanza kumtetemeka. "Ilikuwa inauma, lakini nilivumilia."

Hapo ndipo Filimbi alipokaa chini, kwenye tope la bomba, na suruali yake aliyoipiga pasi kwa ajili ya picha.

Kikuku kilikatwa kwa mkasi. Mpigapicha ndiye aliyewapeleka zahanati kwa gari lake. Tabibu wa zahanati aliiosha mikono kwa maji matupu ya vuguvugu, akaipaka mafuta mazito, akaifunga bendeji nyeupe mpaka Cheche akaonekana kama bondia mdogo. Akamwambia Filimbi kwamba vidonda vitapona, ila wangechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Hakumlaumu. Filimbi angependa alaumiwe.

Alasiri mkewe alipopata nafasi ya kushika simu, Filimbi alimweleza yote bila kujitetea. Upande wa pili akasikia mlango ukifungwa, sauti za wenzake zikabaki mbali.

"Mama Cheche?"

"Nipo." Kisha akaanza kuuliza kama muuguzi: mafuta gani, bendeji inabadilishwa mara ngapi, kuna usaha, ana homa, vidole vinakunjuka? Alijibiwa kila swali. Alitoa maagizo kwa sauti kavu, moja baada ya jingine. Maswali yalipomwishia, sauti ikabadilika.

"Baba Cheche, ulikuwa unamwona kila siku."

"Ndiyo."

"Kila siku, Baba Cheche."

"Ndiyo, mke wangu."

Akasikia kilio, kile cha mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa ili wenzake wasisikie, na simu ikakatwa.

Kesho yake daktari wa mradi alirudi, safari hii peke yake na bila haraka yake. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa najiuliza tulikosea wapi. Tulipotengeneza zile rangi, hofu yetu yote ilikuwa kwamba watoto hawatanawa. Tukasema, mtoto akinawa kidogo, nyekundu. Akinawa vya kutosha, kijani. Hakuna mtu hata mmoja mezani pale aliyeuliza, je, akipitiliza? Hatukuweka dari, mwalimu. Binti yako alikuwa anajichuna ngozi, na mashine yetu inampigia makofi."

"Na mimi nilikuwa napiga nayo," alisema Filimbi.

Kisha akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu jana. "Daktari, na hawa wengine wa juu? Wale wanaomfuata?"

Walitazamana. Dakika chache baadaye walikuwa njiani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mvulana mmoja aliyeitwa Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, aliyeshika nafasi ya pili. Filimbi alibisha hodi. Pengo akatoka, mikono yake michafu kupita kawaida, masizi mpaka kwenye viwiko, na kifundoni hakuna kitu.

"Kikuku kiko wapi?"

Pengo akatazama juu, akatazama chini, akatazama paa la jirani. Mwishowe akanyoosha kidole uani. Huko alikuwa mjomba wake, jitu la miraba minne, mwosha magari, ameinama juu ya boneti na sifongo lenye povu, na kwenye mkono wake mnene kikuku cha buluu kimebana mpaka kinakaribia kukatika, taa inawaka kijani.

"Ananilipa peremende nikimvalia," mjomba alisema kwa aibu. "Mimi nilidhani ni mchezo wao wa shule, mwalimu. Hata mimi kinanifurahisha kikitetemeka."

Daktari alianza kucheka, na kicheko kikageuka, akalazimika kutoka nje ya geti. Filimbi aliwaacha na onyo, akamkuta amesimama ukutani, machozi yanatiririka chini ya miwani, hajui kama bado anacheka.

Lakini si nyumba zote zilizowachekesha. Katika ghorofa moja kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye usingizi wake kwenye tableti ulikuwa kijani cha kupendeza, na mama yake alisema hana tatizo naye, mtulivu, mtiifu, hasumbui. Walimkuta kitandani mchana kweupe, amejifunika blanketi gubigubi. Babu yake alikuwa amechukuliwa na gari la wagonjwa mbele ya macho yake, na tangu hapo hakuna aliyemwambia kama babu yuko hai au la. Babu alikuwa hai, mama aliwanong'oneza. Alikuwa anapata nafuu. Watu wazima walikuwa wakiambiana habari hizo jikoni kwa kunong'ona, kila siku, ili wasimtie mtoto wasiwasi.

Filimbi alikaa sakafuni kando ya kitanda, akamwambia. Blanketi likafunuka taratibu, kikatokea kichwa kilicholowa jasho.

"Anaongea?" mtoto aliuliza.

"Anaongea. Juzi amewagombeza wauguzi kwamba uji wao hauna sukari."

Mtoto akamtazama mama yake kwa mshangao mkubwa, na mama, amesimama mlangoni na mkono mdomoni, akakubali kwa kichwa.

Mabango hayakuchapishwa. Daktari alirudi chuoni akawaeleza wenzake, na inasemekana kikao kile kilikuwa kirefu na kigumu. Walibadilisha rangi ili mtoto akipitiliza mradi upate taarifa badala ya kijani kuwaka. Filimbi aliombwa aendelee, naye akafikiri sana kabla ya kukubali. Alikubali kwa sharti moja: kwamba tableti itakaa mkobani mpaka kwanza amwone mtoto mwenyewe, mikono na macho, na kuongea naye habari zisizo na uhusiano na kikuku. Ilimchukua muda mrefu zaidi kumaliza nyumba zake. Hakuna aliyemharakisha.

Cheche yeye hakuvaa tena kikuku. Lakini kumwambia aache kunawa ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kwa bendeji zile hakuweza kunawa, na kutoweza kulimtia hofu ya ajabu. Alikuwa akitembea huku na huku chumbani, anatazama bomba, analia. Shangazi alijaribu kumwambia mambo ya kumtuliza, kisha kila mara akajizuia katikati ya sentensi, akaziba mdomo. Bibi yule mwenye maneno mengi alikuwa ameanza kuyaogopa maneno yake.

"Mlete," Mama Cheche alisema kwenye simu. "Nitaongea naye mwenyewe."

Walionana mchana, kwenye uzio wa waya nyuma ya hospitali, mama upande wake akiwa amesimama mbali kwa kadiri ya sheria, amekonda, alama za barakoa zimemchora mashavuni. Alipoiona mikono ile imefungwa, alisogea akaukamata uzio, kisha akauachia akarudi nyuma pale alipotakiwa kusimama.

"Cheche, nisikilize. Mimi sirudi kwa sababu ya wewe kunawa."

Filimbi alishtuka. Hakutegemea aanze hivyo, bila hata kubembeleza.

"Kunawa ni kuzuri. Kunakukinga wewe, kunamkinga shangazi. Lakini hata ungenawa mpaka mfupa, mimi nisingerudi. Nitarudi wagonjwa wangu wakipungua, na hiyo ni kazi yangu na wenzangu humu. Si yako. Hukuwahi kupewa."

"Lini?"

"Sijui."

"Shangazi alijua."

"Shangazi hakujua. Alikuonea huruma. Mimi sijui, baba yako hajui, daktari hajui. Nikijua nitakwambia wewe kwanza."

Cheche akamgeuzia mama yake mgongo, akaanza kuondoka peke yake kuelekea barabarani, mikono yake myeupe ikining'inia, na hakugeuka hata alipoitwa. Filimbi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye.

"Mfuate," mama akanong'ona. "Mwache akasirike, lakini mfuate."

Usiku ule mtoto alilala mpaka jua likachomoza, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke, na Shangazi aliyekwenda kumgusa mara kwa mara kuhakikisha kwamba anapumua alitangaza asubuhi kwamba kichwa kimeishia miguuni.

Mikono ilipona polepole. Bendeji zilitoka, ngozi mpya ikawa ya waridi, laini, ikabaki na makovu madogo kwenye viungo vya vidole. Hofu ilichelewa zaidi. Kuna siku alisimama bombani mpaka baba yake akaja akafunga maji, wakasimama pamoja mpaka akawa tayari kuondoka. Siku nyingine alisahau kabisa kunawa, na Filimbi, mwalimu mzima, akajikuta hajui afurahi au amkumbushe.

Mama Cheche alitokea mchana mmoja bila taarifa. Alikuwa amepimwa, ameruhusiwa, ameoga mara mbili. Shangazi alimtambua kwa nyayo tu, akapiga ukelele uliowatoa majirani madirishani. Filimbi alilipokea begi akabaki amelikumbatia kama mtu asiyejua begi huwekwa wapi.

Cheche alikuwa mezani anachora. Aliinua kichwa. Hakukimbia, wala hakutabasamu.

"Umemaliza?"

"Bado," mama alijibu akiwa mlangoni. "Nimepewa siku chache."

"Halafu unarudi huko?"

"Narudi."

Shangazi alivuta pumzi ili aseme neno la kulainisha mambo. Filimbi akamshika mkono. Mtoto alilifikiria jibu lile, mguu wake mmoja ukicheza chini ya meza, kisha akajisogeza kwenye benchi mpaka ukutani, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Haya, kaa basi," alisema. "Nikuonyeshe."